Baltazar na chale za mama yake Gidahosh

Saa mbili asubuhi, Bashay, wilayani Mbulu. Baridi haijaachia. Baltazar Hermani amebandika kipande cha filamu ya zamani kwenye kioo cha dirisha la studio yake, na sasa anainama kukipiga picha kwa kamera ya dijitali. Anainuka, anashika kiuno, anakunja uso.

"Mgongo huu ulistaafu kabla yangu," anasema.

Kwenye benchi ameketi Gidahosh, mfugaji aliyetoka Gehandu, wilayani Hanang, kutafuta sura ya mama yake. Wamemzika mwezi uliopita. Familia inataka picha ya kuweka msalabani kabla ya misa ya kumaliza matanga.

Picha wanayo. Mjukuu alimpiga kwa simu mwaka jana, ikatoka angavu hadi maua ya kanga unayaona. Lakini simu ile hulainisha ngozi pichani yenyewe, na hakuna aliyejua kuuzima ulainishaji huo. Marehemu alikuwa Mbarbaig, mwenye chale za nukta kuzunguka macho yote mawili, alizochanjwa tangu usichana. Simu ilizifuta zote, na makunyanzi juu yake.

"Watu walipoiona hawakumtambua," anasimulia Gidahosh. "Shangazi akauliza, huyu binti ni wa nani? Mimi sitaki binti, mzee. Nataka mama."

Ndipo mtu akamkumbuka Baltazar, ambaye miaka ya tisini alizunguka Mbulu na Hanang kwa baiskeli, kamera shingoni, akipiga harusi, ubarikio na minada. Filamu zake hakutupa hata moja. Zimejaa kwenye makopo ya maziwa ya unga chini ya kitanda, na humo ndimo kilimopatikana kipande chenye mama yake Gidahosh.

Ukimuuliza kipi bora, filamu au dijitali, mzee huyu wa miaka 67 anashusha pumzi kwanza. Swali hilo limemchosha.

"Dijitali ni safi, nisiseme uongo. Gizani inaona kuliko mimi. Ukikosea unafuta, unarudia. Filamu ukikosea umekosea. Ila filamu haikujua kumpendezesha mtu. Ilikuchukua ulivyo."

Siku hizi kila mtu ana simu, na studio inaweza kushinda na wateja wawili tu wa picha za paspoti, shilingi elfu tatu kila mmoja. Mkewe, Yusta, amemwambia mara nyingi auze kamera, anunue mbuzi. Juzi aliposema tena, Baltazar hakubisha. Kwa kweli mzee amechoka.

Picha inaingia kwenye kompyuta. Kwenye filamu uso ulikuwa mweupe na meno meusi; kompyuta inageuza, na mama anajitokeza, kijana bado, yuko mnadani, amekaza macho. Gidahosh anavua kofia.

Lakini furaha ni fupi. Ukungu wa miaka yote hiyo umeila filamu, ukaacha madoa madogo ya duara uso mzima. Doa lipi, chale ipi, haijulikani.

Baltazar anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Nikisafisha yote, nitakosea kama ile simu. Nikiacha yote, nimempa mama wa watu ugonjwa wa ngozi."

Kisha anavuta kiti cha pili. "Njoo ukae hapa, mdogo wangu. Mgongoni kwa mama huyu ulibebwa wewe. Nionyeshe."

Gidahosh anafumba macho. Anapitisha kidole usoni mwake mwenyewe, taratibu, kutoka pembe ya jicho hadi shavuni, kama alivyokuwa akimpapasa mama yake utotoni. Anafumbua, anaonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Hii yake. Hii siyo. Hii futa, mzee. Asubuhi yote inaishia hapo.

Linabaki doa moja chini ya jicho la kushoto. Gidahosh anapapasa tena na tena, halikumbuki. Machozi yanamtoka. Baltazar anajifanya kutafuta kitu mezani.

"Liache, mzee," anasema Gidahosh mwishowe. "Kama si lake, mama atatusamehe."

Jumapili Baltazar anataka kuomba nafasi ya tangazo kanisani: kila ukoo uje kutambua watu wake, kabla ukungu haujamaliza makopo na kabla wanaokumbuka hawajaondoka. Mbuzi wa Yusta watasubiri.

"Nimechoka, sikufichi," anasema, akibandika kipande kingine dirishani. "Lakini uso wa mtu siwezi kuukisia peke yangu."