Habari Mbaya Haisemwi Mlangoni

Mdogo wangu Faida aliingia kwenye majaribio ya dawa mpya ya kukinga malaria bila kuuliza hata swali moja, na jambo hilo linanichoma mpaka leo. Mtu mwenyewe anauza mawese hapa Wamaza, na wachuuzi wa Salamabila wanamuogopa kwa kubishana! Lakini siku watafiti walipofika, Hippolyte, kaka mkubwa wa mumewe, alisimama akasema, "Familia yetu yote imekubali." Nani angempinga mbele ya wageni? Clovis, muuguzi wa watafiti hao, alieleza hatari za dawa na haki za kila mtu, watu wakapiga makofi. Faida alikuwa jikoni, anawapikia wageni hao hao kuku.

Baada ya kumeza vidonge kwa muda, masikio yake yakaanza kuvuma kama mashine ya kusaga mihogo. Nikamwambia amweleze Clovis.

"Akiikala nitamuelezea, yaya," akanijibu mimi dada yake mkubwa.

Kwetu mgeni hupewa kiti, akanywa maji, ndipo wenyeji wanamweleza shida zao. Clovis hakukaa hata mara moja. Alifika pikipiki ikiunguruma. "Mama, uko aje?" "Niko muzuri, dokta." Akampa vidonge, akaondoka kabla kikombe hakijatoka ndani. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na kuja, mwenyeji akazidi kuugua. Nilimkasirikia yeye kwa haraka zake, na mdogo wangu kwa adabu zake.

Jana nikachoka. Nilizima pikipiki mwenyewe, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge.

"Leo utaikala chini, dokta. Utakunywa maji, kisha utasikia."

Alikaa, akanywa. Faida akamweleza yote, na Clovis akajishika kichwa.

"Mama, ile dawa uache leo. Tutakupeleka Kasongo wapime masikio. Lakini juu ya nini haukusema? Ulikuwa unaweza kukataa tangu mwanzo, ao kuacha siku yoyote. Hakuna mutu angekuuliza kitu."

Faida akanigeukia. "Anasema nini?"

"Ulikuwa na haki ya kukataa!" nilipaza sauti. Majirani wakatoka nje kutazama kuna nini. Faida akasogeza sikio karibu na mdomo wangu, akaniomba niseme tena.