Mwaka wa Sadala

Katika miji mingi niliyopita, adhabu hutajwa mara moja. Kijijini kwao Bi Mwantumu, huko Handeni, hutajwa mara mbili. Mzee wa kikao husema ng'ombe watatu. Wajomba wa mkosaji huvua kofia na kusihi. Watatu huwa mmoja, mmoja huwa mbuzi, mbuzi huliwa na wote, neno likaisha.

Bi Mwantumu alipoolewa huko Ngombezi, aliteuliwa mshauri wa mahakama ya mwanzo. Enzi hizo washauri wawili waliketi na hakimu, na kura ya kila mmoja ilikuwa sawa na yake, hata kwenye adhabu.

Akaletwa Sadala, mkata mkonge, kwa wizi wa mbuzi. Alikiri. Wakaingia chumbani kushauriana.

"Uwezo wetu unaishia mwaka mmoja jela," alisema hakimu Joseph, kijana mgeni wa wilaya. "Mimi naona faini."

"Mwaka," alisema Bi Mwantumu, akangoja kusihiwa.

"Mwaka," alisema Mzee Mwinjuma, naye mtu wa Handeni.

"Mna hakika?"

"Sisi tumetaja, mwanangu. Kazi sasa ni yako," alijibu Bi Mwantumu.

Hakimu akashusha pumzi. "Wawili mmenishinda." Akaandika.

Mle chumbani hamkuwa na mjomba wa mtu. Kabla mwaka haujatimia, Sadala alikufa gerezani kwa homa.

Miaka mingi baadaye nilipomtembelea, Bi Mwantumu alitega sikio ghafla, kikombe mkononi. "Huyo, anakata. Unasikia panga?"

Nilisikiliza. Mkonge wa upande ule uling'olewa zamani. Pamebaki majani makavu na upepo.

Kisha akaja Maryamu, mama yake Sadala, anayekaa Kwamndolwa. Kila atokapo sokoni hupita hapo kuomba maji.

"Dada, taja," alisema Bi Mwantumu kabla hata ya salamu.

"Umeanza tena! Mgeni atasema tumerukwa na akili."

"Taja adhabu yangu. Taja kubwa kabisa. Nipige magoti, nikusihi."

Maryamu alikunywa taratibu, akakung'uta kikombe, akamrudishia.

"Nikitaja, utanisihi. Ukinisihi, nitapunguza. Nikipunguza, itakwisha." Akajitwisha kikapu chake. "Mwanangu hakupunguziwa."

Alipofika barazani aligeuka.

"Kesho napita. Uniwekee maji."