Kitambaa Kinachonenepa Kikivutwa

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa masweta anavuta kipande cha kitambaa cha sufu kwa mikono miwili, kisha anacheka peke yake. Kadiri anavyokivuta kwa urefu, ndivyo kinavyozidi kupanuka.

"Mpira wa suruali ukiuvuta unakonda," ananiambia. "Hiki kinanenepa. Kaidi kama mama yangu!"

Kitambaa hicho kilizaliwa na kosa. Mwaka jana alikuwa akifuma huku akijibizana na jirani dirishani, akapoteza hesabu. Macho, yaani vishono vya mbele na vya nyuma, yakapishana zigizaga, kitambaa kikajikunja kama feni ya karatasi.

Alipoanza kukifumua, mteja wake mmoja, mwalimu wa fizikia, alimshika mkono. "Acha, fundi! Hii ni oksetiki."

"Nikadhani ananitajia ugonjwa," fundi anakumbuka.

Kumbe ndilo jina la kisayansi la vitu vinavyopanuka vinapovutwa, badala ya kusinyaa. Mwalimu alimweleza kuwa watafiti wanavijaribu kwenye viatu, bandeji na mavazi ya kujikinga.

Fundi aliwaza goti moja tu. Tangu ahamie ghorofa hii ya tatu, miezi kumi na minne sasa, mama yake hajawahi kupanda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Goti la kulia linamuuma, na soksi za goti za dukani zinambana kila anapolikunja.

Alimfumia sita za kitambaa hicho kinachopanuka. Moja ilimwasha, nyingine ikateleza hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Alinirudishia zote. Akasema, 'Mwanangu, jivalishe mwenyewe.'"

Leo ni ya saba. Mama amefika chini akiwa ameivaa, ngazi arobaini na mbili ziko mbele yake. Fundi ameacha mashine ya kufumia, anachungulia ngazini.

"Mama, nije nikushike?"

"Nani kakuita? Kaa huko huko!"

Ghorofa ya pili anapumzika. Fundi anauma kucha. Kisha hatua zinasikika tena, polepole, hadi mama anatokea mlangoni akitweta. Anampita bintiye bila salamu, anamnyanyua mtoto.

"Mkubwa hivi, na mmenificha!"

Fundi analia na kucheka kwa pamoja. Akishajifuta machozi, ananiambia mpango wake: kufuma soksi kumi za majaribio kwa wazee wa jengo hili, kisha kuzipeleka zahanati.

"Wazee gani hao?" mama anamkatiza, mtoto kifuani. "Goti la kushoto nalo linasubiri. Jumapili narudi."