Kofia ya Tangi

Mbaruku wa Manundu alikuwa mtu pekee katika njia nzima ya Handeni aliyegombana na mvua. Wenzake waliamka alfajiri kwenda lamboni kuchota maji yenye rangi ya chai, na wingu likitokea tu watoto walitoka nje kulipokea. Yeye wingu likitokea alivua shati akafunika nalo tangi la pikipiki, huku akinung'unika. Lakini msimdhanie mjinga. Ugomvi ule ulikuwa wa uongo, na hapo ndipo kisa chake kinapoanzia.

Kazi yake ilikuwa kupeleka chaki, vitabu vya kisomo na betri za redio katika vijiji vya ujamaa, kutoka kwao Manundu, pale Korogwe mjini, mpaka ndani huko Kang'ata, watu wazima wapate kujifunza kusoma. Njia nzima walimwita Bwana Kisomo. Alikuwa mtu mpole, aliyefiwa na mke zamani, mwenye tabia ya kuota ndoto akiwa macho. Akishayaacha nyuma makonge ya Ngombezi, pikipiki ilikwenda yenyewe na yeye akawa mahali pengine kabisa. Mara nyingine alifika kijiji asichokikusudia, akaona haya kugeuza, akagawa chaki hukohuko.

Pikipiki ilikuwa ya idara ya elimu, kuukuu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Raba ya mfuniko wa tangi ilikuwa imekufa. Mvua ikinyesha, maji yalikusanyika kwenye kishimo kinachouzunguka mfuniko, yakapenya taratibu na kuzama chini ya petroli, kwa kuwa maji ni mazito. Katika tambarare yalitulia. Lakini kabla ya kufika Kang'ata pana kilima kirefu, na pikipiki ikikipanda, maji yale yalikimbilia kwenye bomba. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika kileleni. Na kileleni pale palikuwa na nyumba moja tu, ya Bi Mwaija na binti yake Fatu, aliyerudi kwa mama yake baada ya kuachika.

Sasa desturi ya pale ni hii. Mwanamume hasimamishi chombo chake kizima mbele ya nyumba ya mwanamke asiye na mume. Akisimama, amekwisha sema, na kilichobaki ni kumtafuta mshenga. Ila aliyeharibikiwa njiani ni mtu wa kusaidiwa. Huyo hupewa kigoda chini ya upenu na maji ya kunywa, akishatengeneza huondoka, wala hakuna ulimi utakaomfuata. Mkeka hatandikiwi. Mkeka ni wa mgeni aliyekusudia kuja.

Basi Mbaruku alikikalia kigoda kile masika baada ya masika. Alimimina petroli iliyoingia maji ndani ya chupa ya kioo, akaiweka juu ya jiwe itulie. Fatu alipanga madebe na sufuria kukinga maji ya upenuni, kisha akaegemea nguzo, na wote wawili wakaitazama chupa. Maji yalishuka, petroli ikapanda, mpaka katikati ukabaki mstari mwembamba uliotetemeka kila radi ilipopiga mbali. Madebe yalilia, kila moja kwa sauti yake. Mbaruku aliona kama dunia yote imeingia ndani ya chupa ile na kutulia, na hakuna mahali pengine palipobaki pa kwenda. Alimpenda Fatu, tuseme wazi. Alimpenda tangu mvua ya kwanza.

"Wewe unalia maji yanaingia," Fatu alimwambia siku moja, "na sisi tunalia hayaingii. Sijui Mungu amsikilize nani."

Bi Mwaija alikuwa kando akipukuchua mahindi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Dominiko, fundi wa Manundu, alikwisha mwambia kuwa raba mpya ipo na kazi yenyewe ni ndogo. "Wiki ijayo," Mbaruku alijibu, na wiki hiyo haikufika. Siku moja fundi alichoka kumngoja, akaukaza mfuniko kwa nailoni mwenyewe. Pikipiki haikufika hata nje ya mji, kwa sababu mfuniko una tundu dogo la kupitisha hewa, na tangi lisipopumua petroli haishuki. Mbaruku aliifungua nailoni ile kwa furaha ambayo Dominiko hakuielewa.

Kisha, mwaka wa sabini na nne, ikaja amri ya kuhamia vijijini. Masika yakiisha, Bi Mwaija na Fatu nao waende Kang'ata penyewe, kwenye nyumba zilizopangwa mistari mbele ya ofisi ya kijiji. Mbaruku aliposikia, moyo ulimshuka. Pikipiki itazimika kilimani na hapatakuwa na mtu, atakaa juu ya jiwe na chupa yake. Na huko mbele ya ofisi atakwama kwa kisingizio gani? Alijua lazima aseme. Kila safari alitunga maneno tangu Ngombezi, maneno mazuri kwelikweli, na akifika kigodani yaligeuka kuwa habari za betri.

Siku moja, chupa ikiwa bado haijatulia, Fatu alitoka ndani na kipande cha kibuyu. Kilikuwa kata ya kuchotea maji iliyopasuka mpini, ameikata ikabaki duara. Aliigeuza juu ya mfuniko wa tangi, akaiinua kidogo kwa vijiti, akaifunga kwa vipande vya mpira wa tairi.

"Kama ninavyofunika mtungi," alisema. "Maji hayaingii, na hewa inapita. Sasa hutakwama tena hapa, Bwana Kisomo."

Mbaruku alishukuru. Alirudi Manundu akiwa mnyonge, maana aliona ameambiwa aondoke, tena kwa adabu, na adabu ndiyo iliyomuuma zaidi. Siku zilizofuata alikishika kibuyu kile mara nyingi akitaka kukifungua. Hakuweza kufungua fundo lililofungwa na mikono ile.

Mvua za mwisho wa masika zilimkuta njiani. Kibuyu kilipigwa na matone kikatoa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango bila haraka. Alianza kukipanda kilima akingojea kikohozi. Hakikuja. Injini iliimba mpaka kileleni. Nyumba ikatokea kwenye mvua, moshi ukipenya kwenye makuti, madebe yamepangwa, kigoda kiko chini ya upenu, na Fatu amesimama na sufuria mkononi. Hakumpungia. Mbaruku naye hakujua la kufanya, maana hajawahi kufika pale akiwa na chombo kizima, akapita.

Aliteremka upande wa pili huku pikipiki ikienda vizuri, na kwenda kwake vizuri kukamsikitisha. Mbele aliona njia, nyeupe kwa maji, ikimvuta Kang'ata. Ndipo akatambua kwamba kupita nako ni kusema. Akifika kijijini bila kusimama, atakuwa amejibu, na jibu lake litakuwa hapana.

Aligeuza. Alipanda tena, akasimama mbele ya upenu, akazima. Ikabaki sauti ya mvua peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Bi Mwaija aliitikia bila kuinua macho kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua. "Imezimika tena?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Mbaruku alilimeza.

"Haijazimika, mama. Ni nzima. Nimeizima mimi."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya gunzi. Alikitazama kibuyu, akamtazama binti yake aliyeinamia debe lililokwisha jaa. Maji yalimwagika miguuni pake, na katika nchi ile ya kiu hakuna aliyeyajali.

"Fatu," Bi Mwaija alisema, "rudisha hicho kigoda ndani. Lete mkeka."