Udhuru wa Chuma

Kwa miaka tisa karani wa ghala alikuwa na udhuru mmoja tu, nao ulikuwa wa chuma. Kazini kwake ni ng'ambo, nyumbani kwake ni upande huu, na katikati lipo lile daraja la bandarini linaloinuliwa meli zikipita. Akichelewa kurudi husema, "Limeinuliwa, mama watoto. Ulitaka niruke?" Kumbe yuko ng'ambo hukohuko, nyuma ya karakana ya seremala, anafungwa drafti.

Mkewe alifua mashuka hospitalini zamu ya jioni, na hakuweza kutoka mpaka mume afike kumwangalia mama mkwe wake, mama mzazi wa mke, aliyepooza. Msimamizi wake kazini, aliyechoka kusikia habari za daraja kila akichelewa, alishampa maonyo mawili. La tatu lingekuwa barua ya kufukuzwa.

Ndipo kaka wa mke akaajiriwa kuendesha daraja. Karani alifurahi kuliko mwajiriwa mwenyewe.

"Kazi yenu nzito, shemeji," akamsifu mezani siku ya Jumapili. "Wiki hii mmetusimamisha kila jioni."

Shemeji, mtu asiyejua kudanganya hata kwa adabu, akaacha kutafuna. "Wiki hii? Mota imeungua tangu mwezi uliopita. Hatujainua hata mara moja."

Mama mkwe alikuwa amekufa ganzi upande mmoja, lakini macho yote mawili yalikuwa mazima. "Mimi nimelala tu," akasema kutoka kitandani, "ila suruali yake naiona. Meli gani hiyo inayomwaga unga wa mbao?"

Mke hakupandisha sauti. "Kaka, unatoka saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi unipitie mzigo wangu kwa seremala."

Tangu siku hiyo shemeji humtoa karani kwenye benchi, akamvusha kwa kumshika mkono kama mtoto wa chekechea. Wachezaji humuaga, "Usivuke peke yako, baba."

Mota ikatengenezwa. Jioni moja daraja likainuka kweli, mbele ya pua zao. Karani alitoka jasho dakika arobaini. Shemeji akapanda kibandani kwa mwenzake wa zamu, akarudi na karatasi: saa ya kuinua, saa ya kushusha, sahihi, muhuri.

Mke, sare mwilini, aliisoma mlangoni mara mbili. "Leo nakuamini," akasema, "kwa sababu hukusema wewe." Akaondoka nayo mbio kwenda kumwonyesha msimamizi, na onyo la tatu halikuandikwa.

Karani akabaki amesimama sebuleni.

"Njoo unigeuze," mama mkwe akamwita. "Na kesho lete hiyo drafti hapa. Kukufunga wewe, mkono mmoja unanitosha."