Bastola Juu ya Meza ya Posa

Mume wangu alipigwa kwenye mlima wa kutoka bondeni, na mambo yote yalianzia hapo. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kizwite wakisimulia habari zake huanzia kwenye posa ya binti yetu, na ukianzia hapo utamwona mjinga tu. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyeogopa.

Kazi yake ilikuwa kununua mpunga Mtowisa, kule bondeni, na kuupandisha mjini Sumbawanga kwa Fuso ya kukodi. Siku hiyo walikuta gogo limelazwa barabarani, pale ambapo gari lililojaa mzigo linapanda kwa kutambaa. Majambazi waliomshusha walichukua kila alichokuwa nacho, na alipokwisha kuwapa bado wakampiga. Alirudi nyumbani hana meno ya mbele. Msimu ule hakushuka tena bondeni. Mtu akibisha hodi, hata mchana, alinitazama mimi niende kwanza nikaulize ni nani.

Basi aliposema anataka kuomba kibali cha kumiliki bastola, sikumpinga. Niliona kama mgonjwa anayetaja dawa mwenyewe.

Sikujua kwamba silaha ina mlolongo namna ile. Nilidhani ni kama kununua pikipiki, ukishakuwa na fedha unakwenda dukani. Kumbe unaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, unapita kwenye kamati ya usalama ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na kila mahali wanataka kujua wewe ni mtu wa namna gani: unakunywa, una kesi, unagombana na majirani, kwa nini unaitaka. Alichukuliwa alama za vidole. Alipelekwa kufundishwa namna ya kulenga na namna ya kuitunza. Polisi walikuja nyumbani kuangalia kabati la chuma alilolifunga ukutani kwa nondo, wakalivuta kwa mikono kuona kama litang'oka.

Kabla ya kwenda kuulizwa maswali wilayani, tulifanya mazoezi jikoni. Mimi nilikuwa nachambua maharage, yeye amekaa kwenye kigoda, nami namuuliza kama padre anavyowauliza watoto wa komunyo ya kwanza.

"Ukitoka nayo barabarani, unaibebaje?"

"Nimeifunika. Asiione mtu."

"Mkeo anaweza kukushikia?"

"Hapana. Mwenye jina kwenye leseni ni mimi peke yangu."

"Ikipotea?"

"Naripoti polisi mara moja."

"Umekunywa bia, je?"

Akacheka. "Nikinywa, inabaki kabatini. Nikiwa nayo, nakunywa soda."

Alijibu yote vizuri, jikoni na hata huko wilayani. Ndiyo maana baadaye watu waliponiambia labda hakuelewa sheria, nilishindwa hata kuitikia. Aliielewa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza.

Alipoipata, alibadilika kwa muda mfupi sana. Alirudi kazini, akashuka Mtowisa, akapandisha mpunga, na hakuna aliyemgusa. Nilishukuru Mungu. Lakini mwendo wake ulianza kuwa mwingine. Koti alilivaa hata jua likiwaka, na alipokuwa akiongea na watu mkono wake ulikwenda kiunoni kama wa mtu anayejikuna. Sokoni, ambako nauza mchele wetu, wanawake wenzangu waliona. Mmoja alikuwa akimwona anakuja anawaambia wengine, "Jamani, kaeni vizuri, serikali imefika." Walicheka, nami nilicheka nao, uso unaniwaka.

Ndipo ikaja posa. Binti yetu wa kwanza alikuwa amempata kijana wa Wampembe, kule ziwani, wamesoma chuo kimoja hapa mjini. Wazee wa kijana walipanda kutoka ziwani kuja kujitambulisha na kuleta posa. Ni watu wa uvuvi, wapole, wanaongea polepole. Walileta migebuka iliyokaushwa vizuri, imefungwa kwenye majani, hata sebule nzima ikanukia ziwa. Msemaji wao, yaani mshenga, alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta, maana baridi ya huku kwetu ilikuwa imemshika.

Asubuhi ile nilimwambia mume wangu, "Baba, leo iache kabatini. Wanakuja wakwe."

Akasema, "Kwani nikiwa kwangu nimekwenda wapi?"

Wageni walipokelewa, shikamoo zikapita, chakula kikaja. Nilikuwa nimepika ugali wa ulezi na nyama ya ng'ombe, na wali kwa wasiozoea ulezi. Bia zilikuwepo. Mume wangu alikunywa. Nilimhesabia kwa macho nikiwa mlangoni mwa jikoni, kisha nikaacha kuhesabu, maana hata moja tayari ilikuwa kosa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mshenga alitania kidogo, kama ilivyo kawaida, akasema wamesikia katika nyumba hii kuna ua, wangependa kujua kama lina mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Mume wangu akasimama kujibu. Alianza vizuri, akashukuru, akasema binti yake amelelewa kwa shida na kwa sala. Kisha akasema, "Ila nataka mwanangu asilizwe. Siku akilia huko ziwani, mjue baba yake hakai mikono mitupu."

Akafungua koti, akaichomoa, akailaza mezani katikati ya sahani.

Alikuwa anatania. Nataka hilo lieleweke, ingawa halisaidii kitu. Alikuwa anatabasamu, na pengo la meno yake linaonekana. Alisubiri watu wacheke.

Hakuna aliyecheka. Mama wa kijana aliuvuta mkono wake kutoka kwenye sahani, taratibu sana, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua. Shangazi mmoja wa kijana alimnyanyua mjukuu wake waliyekuja naye, akatoka naye nje bila kuaga. Binti yangu, aliyekuwa ameitwa aje kusalimia, alisimama mlangoni na kitenge chake kipya, akaitazama meza, akamtazama baba yake, akarudi ndani.

Yule mzee mshenga akasema kwa sauti ya chini, "Baba, sisi tumekuja na samaki."

Waliomba ruhusa, wakasema safari ni ndefu. Tuliwasindikiza hadi kwenye gari lao, mimi nikisema karibuni tena, karibuni tena, huku najisikia mjinga kwa kila neno. Niliporudi ndani, nyama ilikuwa imeganda mafuta kwenye sahani zao. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na mume wangu akasema, "Watu wa ziwani hawajui utani."

Sijui nani alitoa taarifa. Nyumba zetu zimebanana, madirisha yalikuwa wazi, na shangazi alikuwa amesimama nje na mtoto akitetemeka. Kesho yake asubuhi walikuja polisi pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hawakufoka. Waliomba kuiona leseni, akaitoa. Waliomba kuiona bastola, akafungua kabati akawapa. Mkaguzi wa polisi wa kata yetu, kijana ambaye umri wake ni wa kuwa mwanetu, alimuuliza, "Mzee, jana ulikuwa nayo mwilini?"

"Nilikuwa nayo. Nyumbani kwangu."

"Ulikuwa umekunywa?"

Mume wangu akanitazama. Kisha akasema, "Nilikuwa nimekunywa."

Namheshimu kwa jibu lile. Lakini wakati ule sikuweza kumheshimu, maana walimpandisha nyuma ya pikapu, na mtaa mzima ulikuwa umesimama: wauza vitumbua, wanafunzi, mama anayeniuzia maziwa. Wengine walinisalimia. Ile salamu ya kuonyesha kwamba hawaoni kitu ilinichoma kuliko kama wangeniangalia tu.

Kesi haikuchukua muda, kwa sababu hakukana. Alilipa faini, leseni ikafutwa, silaha ikabaki kwao. Kwa siku nyingi sikwenda sokoni. Nilipokwenda, wanawake wenzangu hawakutania tena, na hapo ndipo nilipojua ni jambo kubwa.

Wakwe walikuwa kimya. Binti yangu alirudi kazini kwake bila kusema na baba yake. Mume wangu akawa anakaa uani, anatengeneza vitu visivyoharibika. Kisha siku moja alivaa shati safi akaniambia anakwenda Wampembe.

"Kufanya nini?"

"Kuomba radhi. Utasema mimi ni mgonjwa, mtu akiniulizia?"

"Nitasema umekwenda kwa wakwe."

Alikwenda peke yake. Aliporudi hakunisimulia mengi. Alisema walimpokea, wakampa chakula, na yule mzee mshenga alimpeleka kuona mitumbwi ikitoka. Alisema aliomba radhi mbele ya mama wa kijana, na yule mama alimjibu kwamba alichoogopa zaidi ni lile tabasamu. Hakuona kitu cha kuchekesha, na mume wangu alikuwa anatabasamu. Posa ikakubaliwa iendelee.

Nilidhani yameisha. Lakini mavuno ya mpunga yalipokaribia, hofu ya ule mlima ikamrudia, akaamua kuomba kibali upya. Huwezi kuanzia juu. Ilibidi arudi kwenye kamati ya kata. Na kwa sababu ya yaliyotokea, kamati ikamwambia aje na mkewe.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya meza ya mtendaji wa kata. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, na yule mkaguzi kijana. Mume wangu alieleza vizuri, akakiri kosa, akasimulia tena habari ya gogo. Wote waliinamisha vichwa. Kisha mtendaji akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Unasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mtu mwema, basi. Nilianza hivyo. "Mume wangu ni mtu mwema. Hajawahi kuninyanyulia mkono." Kisha nikaona akilini sahani za wageni, nyama imeganda.

"Lakini naomba msimpe."

Hakuna aliyeandika chochote. Mume wangu hakugeuka. Alitazama viatu vyake, na shingo yake nyuma, juu ya kola, ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyenyolewa. Nilitamani kuyarudisha maneno yale mdomoni. Mwanamke gani anakaa mbele ya wanaume wengine na kumvua mumewe nguo hivyo? Na bado, kama wangeniuliza tena, ningesema vilevile.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika nyumbani akasema, "Ungeniambia kabla hujaniacha niende pale."

"Sikujua kama wataniuliza."

"Ulijua utakachojibu, wakikuuliza."

Nilikwenda kuwasha moto.

Hawakumpa. Siku hizi anashuka Mtowisa pamoja na wafanyabiashara wengine, magari yakifuatana, na hawasafiri ila jua likiwapo. Bado anaogopa, na siku ya kuondoka hula kidogo tu. Hajawahi kunitukana kwa lile nililosema, wala hajasema nilifanya vizuri. Mwenyekiti wa mtaa nikikutana naye nainamia kikapu changu.

Arusi ilifanyika Wampembe. Baada ya ibada nilikwenda nyuma ya nyumba kusaidia kuosha vyombo, maana kukaa mbele kwenye viti vya heshima kulinishinda. Mwanamke mmoja wa huko, mchangamfu, hakunijua. Akaniinamia akaninong'oneza, "Dada, eti yule mwenye koti jeusi ndiye baba wa bibi arusi? Yule wa bastola?"

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya sabuni. Ningeweza kusema sijui.

"Ndiye," nikasema. "Ni mume wangu."

Yule mwanamke akasogeza kigoda chake karibu na changu, akaanza kunipokea sahani nilizoosha na kuzisuuza.