Siku Nilipoing'arisha Redio ya Baba

Baba alipokufa, redio yake ilifunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati. Kwetu Kasongo nyumba yenye matanga haipigi redio. Hakuna aliyetoa betri zilizokuwa ndani, maana kuigusa tu kungeonekana kama una haraka ya kusikia muziki. Niliuliza nani aliweka sheria hiyo. Niliambiwa nikae kimya, nikakaa.

Wiki ya nne niliifungua. Betri zilikuwa zimetoa maji yaliyokauka kuwa unga wa kijani, na springi moja imelika nusu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliinunua redio hiyo kabla sijazaliwa. Wakati huo ganda lake la plastiki lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya chai, kwa moshi wa taa na sigara zake. Pembe moja ilikuwa imepasuka. Ubavuni, mahali alipoishika kila jioni akiisogeza sikioni, palikuwa na doa jeusi la vidole vinne.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi na shahada ya sheria, bila kazi. Watu walingoja nilie. Sikulia, wala sikujizuia; hakikuja kitu. Nilitaka tu mikono yangu ishughulike. Nikampelekea mama ile redio ikiwa wazi.

— Huu unga unakula chuma kila siku. Tukingoja matanga yaishe, hakutabaki kitu.

— Basi tengeneza ndani. Inje uache vile iko.

— Inje ndiyo mbaya zaidi, mama.

— Ndiyo maana uache. Baba yako mudogo anatoka Kabambare kuondoa matanga. Unajua vile tunafanya.

Nilijua. Siku hiyo vitu vya marehemu hutandazwa kwenye mkeka uani, na mdogo wake huchagua. Kizuri huenda naye. Kilichooza hurudishwa ndani kwa mjane. Baiskeli, koti, saa ya mkono, vyote mama alikuwa amekwisha kuviaga. Alitaka redio tu. Tangu waoane walisikiliza habari za jioni pamoja, yeye akimenya mihogo, baba akibishana na mtangazaji.

— Sheria ya nchi inampa mjane haki, nikasema.

— Sheria yako iko Kinshasa. Baba yako mudogo iko njiani.

Ndani haikunisumbua. Nilikwangua springi kwa kisu na kuzisafisha kwa maji ya ndimu. Uzi unaovuta mshale wa stesheni ulikuwa umelegea. Nikaweka uzi wa nyavu, ule wa wavuvi wa Nyangwe, hautanuki. Nilipasha moto msumari kwenye makaa na kuunganisha waya mmoja uliokatika. Kazi ya siku mbili. Hapo ningeacha.

Lakini chuoni mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba plastiki ya njano hurudi kuwa nyeupe ukiilowesha kwa dawa ya vidonda, ile inayotoa povu, kisha ukaianika juani. Sikuamini. Nilikuwa simwamini yeye wala padri wala daktari, kwa hiyo nilijaribu. Nilichukua kifuniko cha betri peke yake, nikakizungushia kitambaa kilicholowa dawa, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukiweka juu ya bati. Siku ya tatu kilikuwa cheupe. Nilipokirudisha mahali pake kilionekana kama jino jipya kwenye kinywa cha mzee.

Ningeweza kukigeuza tu, au kukitupa. Badala yake nilinunua chupa nyingine tatu za dawa. Pembe iliyopasuka niliiziba kwa plastiki ya beseni iliyoyeyushwa, kisha nikasugua ganda zima kwa dawa ya meno na mswaki mkuukuu. Doa la vidole lilitoka siku ya pili. Niliona linatoka. Niliendelea kusugua.

Mama alirudi shambani akaikuta kwenye kigoda.

— Eh, baba. Umefanya nini?

— Nilikuwa najaribu tu.

Hakunigombeza. Alichukua sufuria, akakwangua masizi ya chini kwa vidole na kuyapaka kwenye ganda. Hayakushika, plastiki ilikuwa laini mno. Redio ilionekana kama kitu kipya ambacho mtu amejaribu kukificha. Akaifuta mwenyewe kwa kitenge chake. Kuizuia ndani hakukuwa na maana: baba mdogo angeiulizia kabla ya kuulizia baiskeli.

Alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baada ya sala na chakula mkeka ulitandazwa. Alipita koti, akapita saa, akachuchumaa mbele ya redio.

— Hii ni ile ya kaka?

— Ni ile, Baba mudogo.

— Nani ametengeneza?

— Mimi.

— Kumbe kule inivesite wanafundisha kitu! Sisi tulizani wanafundisha kubisha tu!

Ua mzima ulicheka. Mama peke yake hakucheka. Alinitazama, na nilielewa anachongoja. Kifungu cha sheria nilikikumbuka chote. Mimi ninayeuliza hata kwa nini kengele ya kanisa inapigwa mara tatu, sikuuliza kitu.

Baba mdogo alitoa betri mfukoni mwake, akaziweka, akazungusha kitufe. Sauti ya mtangazaji ilitoka safi. Akakaa chini kwenye udongo, na suruali yake nzuri, akalia kwa sauti, mdomo wazi. Nilimwonea wivu.

Jioni mama alimenya mihogo.

Baada ya miezi miwili nilipanda pikipiki kwenda Kabambare. Sikumwambia mama ninakwenda kufanya nini, lakini alinifungia karanga za njiani. Mvua ilikuwa imekata barabara, mimi na dereva tukalala njiani. Nilikuwa nimepanga vizuri maneno ya kuiomba redio, kwa heshima, kuanzia sheria hadi huruma.

Redio ilikuwa dirishani, inasema. Baba mdogo alinikaribisha mbele ya jirani zake:

— Huyu ndiye dokta wa redio! Kila jioni ninakaa na kaka yangu hapa, sababu ya huyu.

Akapunguza sauti kidogo ili tuzungumze, ila hakuizima. Nilikula ugali wake. Nililala kwake. Asubuhi niliaga.

Mama alikuwa uani niliporudi. Alimaliza kwanza muhogo uliokuwa mkononi.

— Iko inasema bado?

— Inasema.

— Na inje?

Nilikumbuka dirisha lile, vumbi la barabara, jiko la kuni hatua mbili kutoka pale.

— Imeanza kuchafuka.

— Bon, haya, akasema, akachukua muhogo mwingine. Iache ichafuke.